Oili ya Namba Gani? Namna ya Kuchagua Mnato Unaoifaa Injini Yako na Hali ya Hewa

Wateja wengi wanaoniletea gari kwa servisi huanza na ombi moja: "Kuna joto sana, niwekee oili nzito." Nawaelewa, maana oili nzito ukiigusa kwa vidole unahisi kama ina nguvu zaidi. Lakini injini hailihisi joto la nje kama wewe unavyolihisi. Ina moto wake wa ndani, na thamostati hulishikilia joto la maji ya rejeta karibu nyuzi 90 za Selsiasi, liwe jua kali au baridi. Hali ya hewa huigusa oili zaidi pale unapowasha gari asubuhi. Ukilishika hilo, namba za kwenye galoni hazitakuchanganya tena.

Hatua ya 1: Tafuta namba za mtengenezaji

Fungua boneti uangalie kifuniko cha kujazia oili. Mara nyingi namba imeandikwa pale: 0W-20, 5W-30 na kadhalika. Kisha fungua kitabu cha gari, kwenye kurasa za vilainishi. Vitabu vingi vina chati yenye mistari inayoonyesha oili gani inafaa kuanzia baridi kiasi gani hadi joto kiasi gani. Chati hiyo ndiyo mipaka yako, na uamuzi wowote utakaoufanya baadaye ubaki ndani yake.

Gari likiwa limetoka nchi nyingine na kitabu kimeandikwa kwa lugha usiyoisoma, usikitupe. 5W-30 huandikwa hivyo hivyo kila mahali.

Hatua ya 2: Elewa namba mbili

Vipimo hivi ni vya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyojimudu kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili hutembea kwa urahisi zaidi injini ikiwa haijapata moto. Namba ya pili inaeleza mnato wake, yaani uzito wake inapotiririka, ikifika nyuzi 100. Ikiwa kubwa, oili hubaki nzito zaidi kwenye moto.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. 5W-30 haianzi na mnato wa 5 ikaishia na mnato wa 30, kana kwamba inakuwa nzito kadiri inavyopata moto. Kila oili huwa nyepesi inapopata moto. 5W-30 ya kawaida ikiwa nyuzi 40 ina mnato unaozidi mara tano ule wa nyuzi 100. Kwa hiyo kabla injini haijapata moto, oili yoyote utakayoweka ni nzito kupita inavyohitajika. Hofu yako ya asubuhi iwe kuchelewa kufika kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) na beringi, wala si wepesi.

Hatua ya 3: Pima baridi ya asubuhi

Chukua usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka mahali gari linapolala, usichukue wastani. Kipimo cha SAE cha kuzungusha injini yenye baridi hufanyika nyuzi 35 chini ya sifuri kwa 0W, nyuzi 30 kwa 5W, 25 kwa 10W, 20 kwa 15W na 15 kwa 20W. Usiishi ukingoni mwa kipimo hicho. Betri iliyochoka peke yake inatosha kukuangusha.

Kama kwenu hakufiki hata sifuri, zote hizo zitawasha gari. Hata hivyo, usidhani 0W na 5W ni za watu wa theluji tu. Asubuhi ya nyuzi 20 bado iko mbali sana na nyuzi 100, na 5W itafika juu ya injini mapema kuliko 20W. Injini ikishapata moto, 0W-40 na 15W-40 ziko daraja moja la mnato. Huna ulichopoteza.

Hatua ya 4: Angalia kazi ya gari

Kinachopandisha joto la oili kweli ni kazi: kuvuta trela, kupanda milima na mzigo, kukimbia mwendo mkubwa kwa saa nyingi, turbo inayofanya kazi bila kupumzika. Hapo, kitabu kikiruhusu 30 na 40, chagua 40. Gari la safari za kawaida libaki na namba ya kwanza inayopendekezwa.

Safari fupi sana zina tatizo lake. Injini isipopata moto vizuri, petroli huchuruzika pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili, ikaifanya nyepesi. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukakuta oili imepanda badala ya kushuka, na inanuka petroli, imwage mapema. Kuweka namba nzito hakuondoi petroli hiyo.

Hatua ya 5: Usitibu injini iliyochoka kwa oili nzito

Niliwahi kupokea gari dogo la petroli ambalo kitabu chake kilitaka 0W-20. Mwenyewe alishauriwa aweke 20W-50 kwa sababu limezeeka. Taa ya injini ikawaka, na asubuhi likawa linagonga kwa muda kabla ya kutulia. Injini za sasa hutumia presha ya oili kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito huchelewa kupita humo. Tuliimwaga, tukabadilisha filta, tukarudi kwenye namba ya kitabu, na taa haikuwaka tena.

Gari likila oili, kwanza pima: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha upime tena likiwa limesimama sehemu tambarare. Kupanda daraja moja, kutoka 30 kwenda 40 kitabu kikiruhusu, kunaweza kupunguza ulaji. Moshi wa buluu unaoendelea ni ringi au sili za valvu. Hizo zinahitaji fundi.

Hatua ya 6: Soma na herufi za ubora

Mnato sahihi peke yake hautoshi. Kwa petroli tafuta daraja la ubora la API, taasisi ya mafuta ya Marekani, lililotajwa kitabuni au jipya zaidi. Daraja la SP lilianza 2020 na linachukua nafasi ya SN. Dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi inahitaji oili yenye majivu kidogo, la sivyo chujio litaziba.

Hatua ya 7: Weka, sikiliza, pima

Mwaga oili ya zamani injini ikiwa na uvuguvugu, weka filta mpya, jaza, kisha washa. Taa ya presha izimike ndani ya sekunde chache. Zima, subiri dakika kama tano, pima, kagua kama kunavuja. Mwisho, andika kilomita na namba ya oili kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti, ili yeyote atakayekuongezea siku nyingine aongeze ile ile.