Haki ya njia imesajiliwa mahali pasipo pake: namna ya kuirekebisha

Tuchukue mfano wa Naliendele, Mtwara. Kiwanja cha nyuma kina haki ya kupita kwenye kiwanja cha mbele, upana wa mita 4. Gari hupita upande wa mashariki, lakini hati inaionyesha njia magharibi, juu ya msingi wa nyumba ya jirani. Hakuna anayegombana leo. Ugomvi utaanza siku kiwanja kimojawapo kikiuzwa au kikiwekwa rehani benki.

Hatua ya 1: Jua kosa liko kwenye karatasi ipi

Omba upekuzi rasmi (taarifa ya kilichoandikwa kwenye daftari la ardhi) wa hati zote mbili, ya anayepita na ya anayepitiwa, katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Kisha weka mezani vitu vitatu: mkataba uliotoa haki hiyo, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na maandishi ya daftari la hati.

Mkataba na ramani vikikubaliana na daftari pekee likatofautiana, kwa mfano namba ya kiwanja imekosewa tarakimu, hilo ni kosa la uandikishaji. Mwandikie Msajili wa Hati ukiambatisha ushahidi. Hapo huhitaji mkataba mpya. Ramani ikiwa ndiyo yenye kosa, mpima lazima arudi uwanjani. Watu wengi huanza kwa kumlipa wakili aandike mkataba upya, na mkataba huo unabeba ramani ileile mbovu.

Hatua ya 2: Pima upya

Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa. Aanzie kwenye bikoni (alama za mpaka zilizosimikwa na wapima) za asili, angalau tatu, si kona ya ukuta wala mkorosho wa mpakani. Udongo wa kichanga wa huku hufukia bikoni, kwa hiyo jembe litahitajika kabla ya mashine. Umbali kati ya bikoni ulingane na ulioandikwa kwenye ramani. Usipolingana, huenda kuna bikoni iliyong'olewa na kurudishwa kwa kukisia.

Kosa lingine ni la koordineti, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kila kona. Ramani nyingi za zamani zimo kwenye mfumo wa Arc 1960, wakati simu na vipokezi vya GPS kwa kawaida husoma WGS84. Ukichanganya hiyo mifumo miwili bila kubadilisha hesabu, njia inahama mamia ya mita. Kwa hiyo ukiona haki ya njia imeangukia mtaa mwingine kabisa, anza kushuku hapo. Jedwali la koordineti litaje mfumo uliotumika.

Upana nao upimwe kwa pembe mraba na njia. Njia ikikata mpaka kwa nyuzi 60 na mtu akapima mita 4 akifuata mpaka, gari linabaki na karibu mita 3.5 tu.

Hatua ya 3: Andika hati ya marekebisho

Hati moja ifanye mambo mawili: ifute njia ya zamani na itoe mpya. Ukisajili mpya bila kufuta, kiwanja cha mbele kinabeba njia mbili, na mwenye nacho ana haki ya kukasirika. Itaje namba za viwanja na vitalu, namba za hati, upana, matumizi (miguu, gari, bomba la maji), na ramani mpya kama kiambatisho.

Wasaini wamiliki wote, na wenzi wao pale ridhaa inapohitajika. Kiwanja kikiwa rehani, pata ridhaa ya benki kwa maandishi. Kama njia ilichorwa kimakosa kwenye kiwanja cha mtu wa tatu, naye aingie, kwa sababu hati yake pia inasafishwa.

Hatua ya 4: Sajili, kisha kagua

Lipa ushuru wa stempu na ada, peleka hati halisi pamoja na ramani iliyoidhinishwa. Ukiambiwa tayari, fanya upekuzi tena kwa hati zote. Hapa ndipo mara nyingi hugundulika kwamba hati moja imerekebishwa na nyingine imesahauliwa.

Jirani akikataa

Usibomoe uzio. Mpelekee barua pamoja na ripoti ya mpima. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Amri ya kurekebisha daftari lenyewe huombwa Mahakama Kuu, na kwa mikoa hii ipo Kanda ya Mtwara.

Kwa ardhi ya kijiji yenye hati miliki ya kimila, anzia Halmashauri ya Kijiji na masjala yake ya ardhi, si kwa Msajili wa mkoa.