Daftari langu la vipimo
Nina miaka tisa kwenye ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na daftari langu lina safu tatu: tarehe, kipimo, jibu. Nawe fungua lako. Wingi wa virusi kwenye damu hupimwa mwezi wa 6 tangu uanze dawa, kisha wa 12, halafu kila mwaka. Huna haja ya kufunga. Mara ya kwanza nilikwenda na njaa bure! Jibu likizidi nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, usiitoroke kliniki. Taja dozi ulizoruka, hata za aibu, meza bila kukosa, upimwe tena baada ya miezi 3. Ukitumia tenofovir, mojawapo ya ARV, ulizia kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, maana figo hazilalamiki mapema. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, ikiwa chini ya 200, omba kipimo cha kifua kikuu, hata kama hukohoi.