Madeni yamekufika shingoni? Namna ya kupata loya wa kesi za kufilisika hapa Mombasa

Kaka yangu alikuwa na duka la jumla Kongowea, likaanguka, benki inamdai, loni za simu zinamdai, wanachama wa chama chake nao wanabisha mlango, na sisi mpaka siku dalali amekuja kuandika friji na makochi ndio tunaamka kutafuta loya. Tulichelewa sana. Dalali akishaandika vitu vya ndani una siku 7 tu kabla arudi kubeba, kwa hivyo wewe anza kutafuta ukipata barua ya kwanza.

Loya wa kwanza tuliyemwendea hata hakuifungua ile kauntabuku tuliyoandika madeni yote, aliuliza tu leo mmekuja na ngapi, tukatoa dipoziti na risiti hatukupewa. Wa pili, mama mmoja mtaratibu, alikaa na ile buku karibu saa nzima, kila deni lenye dhamana akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akauliza, "Kiwanja kiko kwa jina la nani?" Loya ni huyo. Hawezi kukushauri kama hajui unadaiwa na nani na una nini.

Muulize akueleze njia zote, maana Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina zaidi ya moja. Kuna kupatana na wanaokudai ulipe kidogo kidogo, kuna kutangazwa muflisi, yaani mtu aliyeshindwa kulipa madeni, na Mahakama Kuu, na kuna njia ya mtu asiye na mali kabisa ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, huyo kwa kawaida huachiliwa madeni yake baada ya miezi 12. Muflisi wa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3, na inaanza kuhesabiwa siku unapopeleka taarifa ya mali na madeni yako, sasa loya akiiweka hiyo fomu kwa droo ni wewe unayeumia. Anayejua njia moja tu, au anayekimbilia mahakamani kabla kuuliza kama benki inaweza kukubali mpango mpya, muage kwa heshima.

Halafu muulize waziwazi kama anafanyia kazi benki inayokudai, maloya wengi mjini wana kazi za mabenki na si siri. Muulize pia kesi za ufilisi amefanya ngapi yeye mwenyewe, kwa sababu wengi ni wa mashamba na ajali za barabarani, wazuri huko lakini huku wageni. Leseni ya mwaka huu utaiangalia kwa tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, ni dakika mbili tu.

Akikwambia andikisha kiwanja kwa jina la mkeo haraka haraka, inuka utoke. Mahakama inaweza kukirudisha na wewe ukaonekana mwizi.

Pesa muandikiane: yake ngapi, ya korti ngapi, ya matangazo ngapi, na risiti kila ukitoa shilingi. Akikula pesa na kazi hakuna, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, sisi hatukuijua mpaka yule mama akatuambia. Siku ya kwanza nenda na barua zote za dalali na benki, na bahasha zake usitupe, tarehe iliyogongwa pale ndio inaonyesha notisi ilitumwa lini.