Udongo Kwanza, Mbolea Baadaye: Kuipa Miti ya Kupandwa Mwanzo Mzuri

Mkulima wa miti anayetaka shamba lake lifunge mapema, yaani matawi yakutane na kivuli kidhoofishe nyasi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza aina ya mbolea. Swali hilo ni halali, ila limetangulia mahali pake. Mche uliotoka kitaluni una mizizi iliyozoea udongo laini wa kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea miche, na katika miezi ya kwanza shambani kazi yake kubwa ni kushusha mizizi kabla mvua hazijakatika. Udongo ulioshindiliwa na mifugo, au na mitambo iliyovuna magogo ya msimu uliopita, hauna nafasi za kutosha za hewa na maji, na mzizi ukikutana na tabaka gumu hugeuka na kutambaa kando. Kiangazi kinapoingia, mche wa namna hiyo hunyauka hata ukiwa na mbolea, kwa sababu mizizi hufyonza virutubisho vikiwa vimeyeyuka katika maji.

Ili kulitambua tabaka hilo, sukuma nondo nyembamba ardhini wakati udongo una unyevu wa wastani. Ikigoma ghafla katika kina kilekile karibu kila unapojaribu, ardhi inahitaji kupasuliwa kwa trekta lenye jino refu, kina cha sentimita 40 hadi 60, kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, pale penye mteremko. Kazi hii hufanywa udongo ukiwa mkavu, kwa kuwa udongo mbichi hukatwa tu bila kupasuka. Baada ya hapo subiri mvua ishushe udongo, ndipo upande.

Pasipo trekta, shimo la sentimita 40 hadi 45 kwa upana na kina hufaa, mradi udongo wa juu urudishwe karibu na mizizi. Katika mfinyanzi uliolowa, kuta za shimo hulainika na kung'aa kama chungu kilichosuguliwa, na mizizi huzunguka humo ndani bila kutoka. Zikwaruze kwa ncha ya jembe kabla ya kupanda. Mahali panapotuamisha maji, pandisha matuta. Kwenye udongo wa kichanga wenye kina kirefu na usio na tabaka gumu, kwa maoni yangu fedha za trekta ni afadhali zilipie palizi.

Mabaki ya matawi yasichomwe ikiwa yanaweza kupangwa katikati ya mistari, kwani moto hupeperusha sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo na kuiacha ardhi wazi kwa mmomonyoko.

Sasa mbolea. Fosforasi ndiyo inayohitajika mapema zaidi katika udongo mwingi uliochoka, nayo haisogei mbali na mahali ilipowekwa, hivyo kuimwaga juu ya ardhi ni kuinyima mizizi. Mbolea ya DAP, yenye asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosforasi kwa kipimo cha P2O5 (namna fosforasi inavyoandikwa kwenye mifuko ya mbolea), ifukiwe katika vishimo viwili vidogo, kila kimoja upande wake, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina. Ikigusa mizizi huiunguza. Kiasi kitokane na upimaji wa udongo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miti 1,111, kwa hiyo gramu 100 kwa mti ni kilo 111 kwa hekta, hesabu inayofaa kufanywa kabla ya kununua.

Mikaratusi na misindano ikikauka ncha za juu wakati wa kiangazi, shuku upungufu wa boroni, kirutubisho ambacho mti huhitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini usikisie kipimo, kwa kuwa boroni ikizidi huwa sumu.

Magugu ndiyo huharibu hesabu yote. Nyasi zina mizizi mingi karibu na uso wa ardhi na huiwahi naitrojeni kabla ya mche, kiasi kwamba shamba lililotiwa mbolea bila palizi linaweza kuwa na miche dhaifu kuliko lisilotiwa kitu. Palilia kisahani chenye nusu kipenyo cha angalau nusu mita kuzunguka kila mche, kisha ndipo utie mbolea, na uendelee kupalilia hadi miti ifunge.

Acha mistari michache bila mbolea katikati ya shamba, si pembezoni, kisha pima urefu na unene wa shina baada ya mwaka mmoja na tena baada ya mitatu. Tofauti inayoonekana mwaka wa kwanza wakati mwingine hupungua kadiri miti inavyokua, na vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kama mbolea inastahili gharama yake katika msimu ujao wa kupanda.