Namna ya Kuchezesha Wimbo Siku ya Kushuti Video

Mara ya kwanza kuingia lokesheni nilipewa kazi isiyogombewa na mtu: kubonyeza wimbo, yaani kuupiga kwenye spika ili mwimbaji aufuate mbele ya kamera. Nikadhani ni lelemama. Mpaka jioni mwimbaji alikuwa amerudia kiitikio kilekile mara 40 hivi, na makosa mengi yalikuwa yangu.

Anza na faili. Mdai prodyuza toleo la mwisho, si lile lililozagaa kwenye simu za watu. Sisi tulishuti siku nzima kwa toleo la zamani, kumbe studio walishaupunguza wimbo kasi kidogo na kubadili mstari mmoja wa beti ya pili. Kwenye uhariri, mdomo ukashika njia yake na sauti yake. Siku hizi nauliza mbele ya meneja na mwongozaji, wote wasikie: "Huu ndio wenyewe?"

Mwanzoni mwa faili weka milio mitatu inayofuata mapigo, ili mwimbaji ajue pa kuingilia. Andika karatasini kila sehemu inaanza dakika na sekunde ya ngapi. Mwongozaji hatakutajia dakika. Atasema "turudi pale anapogeuka", na macho yote yatakuhamia.

Tumia waya kuunganisha spika. Kama wimbo uko kwenye simu, izuie isipokee mawasiliano. Yangu iliita katikati ya kiitikio, alikuwa mama.

Spika ikae karibu na mwimbaji. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na ukishuti fremu 25 (zile picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, kila mita 14 hivi zinakula fremu moja. Tuliwahi kumsimamisha dada mmoja juu ya mwamba, mita 50 kutoka kwenye spika iliyokuwa pembeni ya kamera. Kamera iliusikia wimbo papo hapo, yeye aliusikia fremu tatu na nusu baadaye. Kama hakuna namna ya kusogea, andika umbali huo. Mhariri atajua asogeze kiasi gani.

Sasa slomo, yaani picha ya mwendo wa polepole, inayowatoa watu jasho. Mkishuti fremu 50 ili picha ichezwe kwa 25, wimbo nao lazima uchezwe kwa kasi maradufu, la sivyo midomo haitakubaliana na maneno. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 40 unakwisha kwa dakika 1 na sekunde 50. Andaa faili hiyo nyumbani, na umpe mwimbaji afanye mazoezi siku mbili kabla. Yule dada hatukumpa. Aliingia majini peku, wimbo ukaanza kukimbia kama katuni, akaangua kicheko hadi vipodozi vikarudiwa. Beti yenye maneno mengi msiiguse kwa slomo. Chagueni ile yenye sauti za kuvuta.

Ongeza sauti ya spika mpaka mwimbaji aone haya ya kunong'ona. Anayechezesha midomo tu anajulikana, shingo yake haikazi.

Na usizime wimbo kabla hujasikia "kata". Mimi nilizima mapema, jua likizama. Dada hakugeuka hata kutazama. Akaendelea kuimba bila muziki mpaka mwisho wa beti, na mpiga picha naye hakushusha kamera. Kipande hicho ndicho kilichofunga video.