Kabla ya kupima usafi wa artemisinini kwa NMR: mambo ya kuzingatia

NMR ni kipimo kinachosoma viini vya atomi kwa sumaku na mawimbi ya redio, na mchoro wake wa vilele huitwa spektra. Spektra yenye vilele virefu vya kupendeza inaweza kukupa namba ya uongo. Hilo ndilo la kuweka moyoni kabla hujaingiza mrija kwenye mashine. Nachukua mfano wa artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea wa Artemisia annua, ambao hulimwa pia hapa Afrika Mashariki, ikipimwa kwa mashine ya megahezi 400 kupitia protoni zake, yaani viini vya hidrojeni.

Anza kwa kuamua ni kosa la kiasi gani unaweza kulivumilia. Ukitaka lisizidi asilimia 1 hivi, kilele unachokipima kizidi kelele (mitetemo ya ovyo ya mstari wa chini wa spektra) angalau mara 150. Ukiridhika na asilimia 5, kazi ni nyepesi mno, na hakuna haja ya kuikalia mashine nusu siku.

Jambo linalowaponza wengi ni muda wa kusubiri kati ya mpigo mmoja wa mawimbi ya redio na mwingine. Protoni zikishapigwa huhitaji muda kurudi zilipokuwa, na kasi ya kurudi hupimwa kwa T1. Kila protoni ina T1 yake. Tuseme moja ina sekunde 3 na nyingine sekunde 1, nawe unapiga mpigo wa digrii 90 kila baada ya sekunde 3. Ya kwanza itakuwa imerudi kwa asilimia 63, ya pili kwa asilimia 95. Vilele vilivyopaswa kulingana vitasomeka karibu 2 kwa 3, na hata ukirudia mara elfu kosa litabaki pale pale, ila sasa litaonekana safi. Mpigo wa digrii 30 hupunguza tatizo, lakini katika mfano huu bado unakosea kwa zaidi ya asilimia 6.

Kwa hiyo pima T1 kwanza, kwenye sampuli yenyewe. Geuza usumaku wa protoni kwa mpigo wa digrii 180, subiri, soma kwa digrii 90, na utafute muda ambao kilele kinatoweka. Gawanya muda huo kwa 0.69. Fanya hivyo pia kwa kemikali rejea, yaani ile ya usafi unaojulikana unayoiweka mrijani ili kulinganisha vilele vyake na vya dawa, maana mara nyingi ndiyo inayochelewa zaidi. Chukua T1 ndefu kuliko zote: ukisubiri mara 5 yake unapata asilimia 99.3, mara 7 unapata 99.9. Kwa T1 ya sekunde 3 hiyo ni sekunde 21 kwa kila msomo, na misomo 64 inamaliza dakika 22 na ushee. Si muda mrefu kwa namba utakayoitetea.

Lakini ishara ikiwa dhaifu? Ongeza dawa ndani ya mrija kabla ya kuongeza misomo. Ishara ikilinganishwa na kelele hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya misomo, hivyo kuizidisha maradufu kunadai misomo mara nne. Kuzidisha dawa maradufu kunakupa faida ile ile bila kuongeza hata dakika moja.

Chagua kemikali rejea kwa makini. Trimethoksibenzeni hupendwa sana, na kilele chake cha pete kiko karibu na 6.1 kwenye kipimio cha spektra (ppm), mbali kidogo na kile cha artemisinini cha karibu 5.9. Kwa macho vimeachana vizuri. Hata hivyo kaboni-13, aina adimu ya kaboni iliyomo ndani yake, huweka vilele vidogo viwili, kila kimoja takriban asilimia 0.55, umbali wa hezi 80 hivi kila upande. Kwa megahezi 400 hiyo ni 0.2, na kimoja kinaangukia jirani kabisa na dawa yako! Zima athari ya kaboni-13, au tumia dimethili-sulfoni, ambayo hukaa karibu na 3.0.

Usizungushe mrija, na weka masafa ya mpigo katikati ya vilele viwili unavyolinganisha.

Mwisho ni mizani. Pima uzito wa sampuli tatu, kila moja peke yake pamoja na rejea yake. Kusoma mrija mmoja mara tatu hakutakuonyesha kosa lililotokea mezani.