Karatasi za korosho usizitupe

Kwa mdogo wangu wa Newala au Nachingwea mwenye alama nzuri anayewaza vyuo vikuu binafsi vya utafiti Marekani: usikimbie ukiona gharama ya zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Hiyo ni bei ya ubaoni. Harvard, Yale, Princeton na MIT hupokea maombi ya wageni bila kuangalia uwezo wa kulipa, na ukichaguliwa hukufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Kazi ni kuingia tu, na hapo wanaokosa ni wengi mno, kwa hiyo omba na vyuo vya hapa nyumbani.

Sasa, karatasi. Utaulizwa kipato cha wazazi kwa mwaka mzima, na mzee wako hana hati ya mshahara. Anayo korosho. Kusanya stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya mnada, kisha andika barua fupi ueleze kwamba pesa huja msimu mmoja na ndiyo hiyo hiyo ya pembejeo na chakula. Usizidishe hesabu kwa aibu! Wengi hujikwaa hapo.

Anza Agosti, maana mwisho wa maombi huwa mwanzoni mwa Januari na umeme wetu unaujua. Ada ya kuomba ikikushinda, omba msamaha wa ada hiyo, hutolewa. Uliza pia kuhusu nauli na koti la baridi.